Gari Lilipopokea Simu Yangu

Cheka, lakini usinitangaze. Gari langu la michezo ni kuukuu, na mimi si mtu wa safari. Juzi nililifungia redio ya bluetooth, inayoungana na simu yangu.

Jumamosi mama mkwe akafika kutoka Mponde, nimpeleke harusini Muheza. Mkwe hakataliwi waziwazi. Nikamwamkia, nikamkalisha garini, nikamwekea kwaya kutoka kwenye simu yangu, kisha nikakimbilia chumbani, ambako yeye haingii, nijifanye mgonjwa.

Akanipigia simu rafiki yangu Shemboza, tuliyepanga naye uongo huo. Nikapokea. Simuni hakuna sauti. Huko nje kwaya ikakatika, spika zikanguruma:

“Vipi, mkwe umeshamdanganya kwamba tumbo linakukata?”

Nikaganda dirishani. Mama mkwe akainamia redio, akajibu kwa upole:

“Bado, mwanangu. Ndiyo kwanza ameingia ndani kujiandaa.”