Mkono wa Wekoye na Ulimi wa Nguruwe

“Mkono huu,” Wekoye alitangaza siku ya harambee ya kuezeka kanisa huko Bokoli, akauinua juu mpaka mchungaji akadhani anataka kuokoka, “haujawahi kudanganywa na nguruwe! Mwenye atakula nyama yangu akute mchele, nampea bucha yote, na funguo juu!”

Kanisa likapiga makofi. Mchele aliousema haukuwa wa pilau. Ni vile vivimbe vyeupe vya minyoo vinavyojificha ndani ya nyama ya nguruwe, na nguruwe akiwa bado hai, mahali pa kuvitafuta ni ulimini. Unamlaza chini, unamtia kijiti mdomoni, unauvuta ulimi na kupapasa chini yake. Ukigusa punje, unaaga na kwenda zako. Kwa kupapasa, Wekoye alikuwa bingwa wa Misikhu nzima. Mkaguzi wa nyama alikuwa na muhuri wake, lakini alifika siku za soko tu, na nguruwe wa Wekoye walikuwa na tabia ya kufa siku nyingine.

Aliyemletea nguruwe hao ni Makokha, kaka wa mkewe Edah, mtu wa maneno matamu na pikipiki isiyo na breki. Alizunguka Bokoli boma kwa boma akinunua, kisha akawaleta Misikhu wamefungwa nyuma kama abiria wasiotaka safari. Kila Jumapili alikula kwa dada yake. Binti wa pekee wa nyumba hiyo, Nabwile, alimkimbilia hadi njiani akipiga kelele, “Khocha! Khocha!” Mjomba kwa Wabukusu si mtu wa kupokewa kwa mkono mmoja. Aliwekewa kiti kizuri, akapakuliwa wa kwanza. Lakini nyama hakugusa. Alikula ugali na maharagwe.

“Alsa, shemeji,” alisema akijishika tumbo. “Vidonda vya tumbo. Mafuta nimekatazwa.”

“Pole, bana,” Wekoye alijibu. Alimhurumia kweli, mwaka baada ya mwaka.

Wekoye mwenyewe tumbo lake halikuwa na masharti. Akishachinja, alikata kipande, akakipitisha juu ya makaa kama mtu anayekisalimia tu, akakitia chumvi na kukimeza wateja wakimtazama. Wateja wa Misikhu hawanunui mpaka wamwone mwenye bucha akimeza. Jioni alirudi nyumbani, akafinyanga tonge la kwanza la ugali kwa mkono uleule na kumtia Nabwile mdomoni. Ndivyo walivyozoeana tangu mtoto aote meno.

“Baba Nabwile, huyo ana mikono yake,” Edah alimwambia.

“Wangu uko na baraka.”

Mwaka Nabwile alipotimiza miaka saba, akaanza kuanguka. Aliangukia mlangoni, akaangukia paredi ya asubuhi shuleni. Mwalimu akasema anaigiza ili akwepe mbio. Watu wa maombi wakasema ni wivu wa majirani, wakawataja na majina. Siku aliposhindwa kuinuka, na kitanda kimelowa bila yeye mwenyewe kusikia, Edah alimbeba mgongoni kama mtoto mchanga, wakaenda Kitale.

Hospitalini walipiga picha ya mgongo. Daktari Chepkosgei, mama wa maneno machache, akawaonyesha doa dogo jeupe.

“Hiki ni kifuko cha maji, ndani yake kuko na mnyoo, mtoto wa tegu. Amekaa kwa uti wa mgongo, anakandamiza mishipa ya miguu.”

“Daktari, si minyoo hukaa tumboni?” Wekoye aliuliza.

“Tegu mkubwa ndiye hukaa tumboni, kwa mtu aliyekula nguruwe wa mchele hajaiva. Mayai yake yanatoka chooni. Huyo mtu asiponawa vizuri, yanabaki mkononi, na mwingine anayameza. Yakishaanguliwa yanaingia kwa damu. Mengi huenda kwa ubongo. Mara chache, kwa mgongo.” Akafunga faili. “Nyumbani nani anamlisha huyu?”

Edah aliutazama mkono wa mumewe, na mumewe akautia mfukoni.

Walimpima Wekoye pia. Tegu alikuwepo, mpangaji wa siku nyingi asiyelipa kodi. Akapewa tembe za kumfukuza. Mtoto akaanzishiwa dawa za minyoo na za kupunguza uvimbe.

“Atatembea?” Edah aliuliza.

“Miguu inaweza kurudi yote, inaweza kurudi nusu. Hapo siwezi kukudanganya.”

Swali hilo moja la miguu ya Nabwile ndilo walilorudi nalo Misikhu. Lakini Wekoye alikuwa na swali lake. Kila nguruwe alimpapasa yeye mwenyewe. Huo mchele ulipitia wapi? Asubuhi, bila kumwambia mtu, akaenda Bokoli.

Alimkuta Makokha nyuma ya boma la mama mmoja, amemwekea nguruwe goti shingoni, ulimi umevutwa nje. Mkononi alikuwa na mwiba wa mlimau. Alitoboa kivimbe, akakiminya, akapangusa kwa majivu, akahamia cha pili. Kazi safi. Fundi wa cherehani angemwajiri.

“Unafanya nini?”

Makokha akashtuka. “Shemeji! Ah... namtoa mwiba.”

“Unamtoa mwiba na mwiba?”

Mwenye nguruwe akaingilia. “Si huyu hukuja na huo mwiba kila saa? Mimi nilijua ni wewe unamtuma. Nguruwe wa mchele tunampatia kwa bei ya mchele, sisi tuna Mungu.”

Wekoye alielewa. Makokha alinunua wagonjwa, akawalainisha ndimi, akamuuzia yeye kwa bei ya wazima.

“Usinipigie kelele mbele ya watu,” Makokha alisema, ingawa hakuna aliyepiga kelele. “Nani alisimama kanisani akasema mkono wake haudanganywi? Ningekuaibisha? Na nyama ikiiva haina shida. Mimi nilikutuma uimeze mbichi?”

“Alsa yako inaendeleaje?”

Makokha akamtazama nguruwe.

“Umekaa kwa meza yangu ukila maharagwe,” Wekoye alisema. “Mtoto anakuita Khocha, anakuletea maji ya kunawa. Ungeniambia tu, ‘Shemeji, usikule.’ Hata bila sababu.”

“Sikujua inaweza kufikia mtoto. Haki ya Mungu.”

“Ya kukufikia wewe ulijua.”

Aliinua mkono ampige. Ukiwa juu, akauona. Ni uleule wa kanisani, uleule wa tonge. Akaushusha, akaondoka.

Edah aliposikia, hakulia. Alichukua bakuli la maharagwe la kaka yake akawawekea kuku maji.

Bucha ilifungwa. Makokha akafungua yake karibu na stendi, watu wakajaa. Alikuja nyumbani mara moja tu, na jogoo kwapani, akasimama uani kama mtu anayeuliza njia. Nabwile alikuwa ameketi mkekani.

“Khocha!”

Akashika ukuta, akainuka kumkimbilia kama zamani. Mguu wa kulia ulikubali. Wa kushoto ukabaki nyuma ukichora mstari vumbini. Alivuta, akavuta tena, akacheka peke yake, akaketi. Makokha akaweka jogoo chini, akaenda bila kuaga.

Mwaka umepita. Wa kulia umerudi, wa kushoto daktari amesema ulipofika ndipo mwisho. Nabwile anakula kwa mkono wake. Anarefuka, magongo ya kwanza yameshakuwa mafupi, na wiki hii Wekoye amekwenda Kitale kumnunulia mengine.

Jozi moja ya mtoto ni shilingi elfu moja mia nane, na Wekoye anazihesabu kwa mkono uleule.