Sticker ya binti yangu ilinifikia kwa group ya kina mama wa kanisa

Wakuu, hamjambo. Mimi husoma tu hapa na kupita, sijawahi kufungua uzi. Hii niliiishi mwenyewe, na majina pekee ndiyo nimebadilisha.

Nauza mboga Ruiru, karibu na stesheni ya treni. Binti yangu, tumwite Shiro, yuko Form Three kwa shule ya bweni ya wasichana huko Thika.

Likizo iliyopita alirudi nyumbani akaanza kukataa kula mbele ya watu. Nikipakua chakula, anabeba sahani anaingia chumbani. Nikadhani ni mambo ya diet, vile wasichana huwa.

Kisha akaniambia polepole kwamba shule zikifunguliwa, yeye harudi.

Nikauliza kwa nini. Akainuka akaenda kuosha vyombo. Niliogopa, siwafichi.

Sasa, kanisani tuna group ya WhatsApp ya kina mama. Mmoja wetu akijifungua, tunapanga kwenda kuona mtoto: huyu anabeba uji, yule anapika mukimo. Wale mmeoa Ukikuyuni mnazijua hizo sufuria.

Siku moja ya likizo hiyo tulikuwa tunagawana vyakula. Mama Stacy, anayeishi Membley, akaulizwa ataleta nini. Akajibu kwa sticker. Msichana amefumba macho, mdomo wazi, anauma mutura, ile soseji ya utumbo inayochomwa barabarani, na chini imeandikwa NJAA YA KWAO.

Group ikacheka. Hata mimi nilianza kutabasamu.

Halafu nikaona kola ya sweta. Sweta ni ya kijani, lakini kola imeshonwa kwa uzi mweupe, kwa sababu wa kijani ulikuwa umeniishia. Hiyo kola niliishona mimi.

Niliweka simu chini nikaendelea kumkatia mteja sukuma.

Sikuandika kitu kwa group. Kwa hasira niliyokuwa nayo, ningeandika maneno ya kunihamisha kanisa. Nilimpigia Mama Stacy simu. Hakuwa anajua lolote. Aliikuta tu kati ya sticker zake, ikamchekesha.

Nikamuuliza nani mwingine hutumia hiyo simu.

"Stacy," akasema. "Likizo huwa namwachia." Stacy ni binti yake, na yuko darasa moja na Shiro.

Hapo ndipo watoto walijisahau, wakuu. Shuleni simu haziruhusiwi, kwa hivyo likizo ikifika group ya darasa inaishi kwa simu za mama zao. Wakimaliza kuchat wanafuta kila kitu. Sticker hawakumbuki kufuta.

Jioni Mama Stacy alikuja kwangu na binti yake. Kumbe siku ya kufunga shule wasichana hao wawili walinunua mutura pale Thika wakimngoja Mama Stacy, ambaye alikuwa ameingia supermarket na kuwaachia simu. Stacy akapiga picha kwa mzaha. Ikafika kwa group ya darasa, mwenzao akaigeuza sticker na kuongeza maandishi. Likizo yote, kila Shiro akiandika kitu kwa group kupitia simu ya kaka yake, anajibiwa na hiyo sticker.

Stacy alikuwa anaangalia sakafu. Shiro hakumtukana. Alimwambia tu, "Si tulikuwa tunakula pamoja?"

Mimi nilitoka nje. Singeweza kukaa hapo.

Usiku huo Mama Stacy aliandika kwa group ya kina mama kwamba yule msichana ni mtoto wetu, kwamba sticker ilitoka kwa simu yake, na kila mtu aangalie kama watoto wameihifadhi kwa simu yake pia. Mama mmoja akaandika, "Hata kwangu iko." Kisha mwingine. Kisha mwingine.

Siku ya kufungua tulienda Thika, mimi, Shiro, Mama Stacy na Stacy, tukaongea na mwalimu wa darasa. Shiro alikubali kubaki. Kabla ya kuingia shuleni alikuwa ameniomba mutura. Alikula akiwa amewapa watu mgongo.

Lakini alikula.

Nilichojifunza ni hiki: nilijiambia mambo ya cyberbullying hayanihusu kwa sababu Shiro hana simu. Kumbe yalikuwa yamekaa kwa simu zetu sisi wazazi, na sisi tunayacheka.

Wewe unayemwachia mtoto simu, fungua sticker zako sasa hivi. Ukikuta sura usiyoijua, rudi utuambie hapa chini. Huyo ana mama mahali, na pengine mko naye group moja.