Chaja Ilikuwa na Muhuri

Mdogo wangu alianguka mbele ya shule nzima akiwa na nusu mstari mdomoni.

Na mdomo wenyewe ulikuwa unanukia stroberi.

Naandika haya nikiwa nimetulia. Msinisifu. Hasira niliyokuwa nayo imekuwa kama jino lililopigwa ganzi. Unajua lipo, ila hulisikii.

Mimi ni fundi simu. Nina kibanda karibu na stendi, na chumba nimepanga nyuma yake. Ushairi nilijifundisha mwenyewe, nikihesabu mizani kwa vidole huku nasubiri wateja. Mtu akiniambia vina vyangu vimelegea, siku hiyo hatulali marafiki.

Mdogo wangu ndiyo kwanza ameanza sekondari. Tunamwita Kasuku, maana ukimsomea ubeti mara moja, anakurudishia wote bila kudondosha silabi. Anaishi na Mama, ambaye ni fundi cherehani.

Tulikuwa na mchezo wetu. Mimi natunga, yeye anaghani ubeti mzima kwa pumzi moja. Akivuta hewa katikati, ameliwa.

Hakuwahi kuliwa.

"Kaka, leta mrefu," alikuwa akinitambia. "Huu wa leo mfupi kama mshahara wako."

Basi shule ikamchagua akaghani kwenye mashindano makubwa. Mshindi angesomeshwa bure mpaka amalize. Mama alishona gauni la siku hiyo kabla hata ya kuulizwa rangi.

Nikamtungia huu:

Neno halina miguu, lakini hufika mbali,
Hupaa likenda juu, lisijali jua kali,
Hata liwe kuukuu, halibadili asili,
Lina jambo moja kuu: pumzi ndiyo nauli.

Jumapili nilipokwenda kumsikiliza, alikatika mstari wa tatu.

"Nini tena, Kasuku?"

"Mafua tu, kaka."

Mama akacheka, mguu ukiwa kwenye pedali ya cherehani. "Mwache mwanangu. Huoni siku hizi amekuwa msichana? Hata chumba chake kinanukia."

Kweli, kilikuwa kinanukia. Nikadhani ni mafuta ya nywele.

Kipindi hicho mimi nilikuwa na msiba wangu. Mkaguzi wa viwango, yule tunayemwita Mzee Muhuri, alikuwa amepita kibandani na kukusanya chaja zangu zote.

"Hazina muhuri," alisema.

"Mzee, zinafanya kazi!"

"Hata kiberiti kinafanya kazi, kijana. Chaja bila muhuri inaunguza nyumba."

Nilitukana mpaka koo likanikauka, yeye anajaza gunia taratibu. Baadaye nikanunua chaja zenye muhuri, na ya kwanza nikampelekea Mama.

"Tumia hii tu," nikamwambia. "Ina muhuri wa serikali. Hii haina hatari."

Akaipangusa kwa kitambaa kama sahani ya wageni, akaichomeka pale kwenye meza ya cherehani. Tangu siku hiyo kila kitu cha nyumba ile kilipita kwenye chaja hiyo: simu, tochi, redio.

Siku ya mazoezi ya mwisho, shule iliita wazazi. Nilisimama nyuma kabisa, mikono kifuani, nikijivuna.

Kasuku akaanza. Mstari wa kwanza, safi. Wa pili, safi. Wa tatu, sauti ikaingia mikwaruzo.

"Lina jambo moja kuu..."

Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Midomo ikawa kama imepakwa majivu, akaenda chini.

Wanafunzi wa mbele walipiga makofi. Walidhani ni madoido.

Hospitali, daktari alikuwa mama mmoja mchovu mwenye sauti ya chini.

"Anavuta nini?" aliniuliza.

"Dokta, huyu ni mtoto."

"Ndiyo, najua. Anavuta nini?"

Akaniambia mapafu yamevimba kwa ndani, na wanafunzi wengine wa shule ile ile walishaletwa wakinukia matunda hivyo hivyo. Mwingine alinukia embe, mwingine tikiti.

"Atapona?"

"Atapumua," akasema. Akaangalia faili. "Kughani sijui."

Kasuku alikuwa na mpira wa hewa puani. Nikamwinamia sikioni.

"Ni zile sigara za umeme, za moshi wenye ladha?"

Akafumba macho.

"Darasa zima, kaka. Kwa Anko Pipi. Ukikosa kuvuta, kichwa kinauma, hata kusoma huwezi."

"Yako iko wapi?"

"Nyumbani."

Nikaenda nyumbani. Nikageuza godoro, nikamwaga begi, nikapekua viatu. Sikuona kitu.

Nikaenda kwa Anko Pipi, mwenye duka linalotazamana na geti la shule. Vile vya kuvuta vilikuwa kwenye kioo cha mbele, kati ya kalamu na biskuti. Vya pinki, vya kijani, vya njano, vidogo kama vifaa vya kuchezea.

"Unawauzia watoto sigara?"

Hakushtuka wala hakukasirika. Akanionyesha karatasi ukutani. "Sigara? Soma pale. Chini ya miaka kumi na minane, marufuku. Mtoto akija kuniulizia sigara namfukuza, uliza mtaa mzima."

"Na hivi?"

"Hivi havina karatasi, kaka. Lete karatasi, nabandika leo leo. Na mimi nina watoto."

Ngumi yangu ilikuwa mfukoni. Ikakaa humo humo.

Nikaenda ofisini kwa Mzee Muhuri. Gunia la chaja zangu lilikuwa bado pale kwenye kona, limefungwa kamba.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani.

"Kijana, si tumbaku, maana haina jani. Si dawa, maana hakuna anayesema inatibu. Si chakula, maana hailiwi. Nikiikamata, mahakamani nitasema nimekamata nini?"

"Mzee, chaja yangu ulikamata."

"Chaja ina sheria."

"Na mapafu ya mdogo wangu?"

Akafuta miwani yake kwa shati.

"Sheria ya hivyo vitu iko kwenye mchakato," alisema hatimaye, na niliona aibu usoni mwake, kwa hiyo hata kumtukana sikuweza.

Nilirudi wodini nikakaa. Mama akaingia na mfuko wake. Akatoa gauni la kulalia, sabuni, mswaki, chupa ya chai. Kila kitu alikipanga juu ya kabati dogo kama anapanga duka.

Kisha akatoa leso, akaifungua polepole.

Ndani kulikuwa na kitu cha pinki, kidogo kama kidole.

"Na flashi yako ya masomo, mwanangu," akasema. "Uliniachia mezani siku ile, nikajua utaihangaikia. Nimeichaji kama kila siku, mpaka taa ikawa ya kijani."

Nilitaka kusema flashi haichajiwi.

Akanigeukia, ametabasamu.

"Na sikuichaji ovyo, usinigombeze. Nimetumia ile uliyoniletea, yenye muhuri wa serikali. Nisije nikamuunguzia mtoto kitu cha shule."

Nikamtazama Kasuku. Yeye hakunitazama mimi, wala Mama. Alikitazama kile kitu. Mkono wake ukatoka chini ya shuka, wenyewe, kama mkono wa mtoto mchanga unavyotafuta ziwa.

Nikakichukua, nikakitia mfukoni.

"Mbona unamnyang'anya mwenzio?" Mama akauliza.

"Nakwenda kukitengeneza, Mama. Kina hitilafu."

Nilimweleza baadaye. Hakulia. Alikwenda kwenye cherehani yake, akachomoa ile chaja, akanirudishia.

Sasa msije hapa kuandika kwamba mama yangu hajasoma. Hata pakiti yake kule dukani ilichorwa tunda. Haikuwa na picha ya pafu, haikuwa na neno la onyo, na iliuzwa mchana kweupe kando ya kalamu. Wangapi kati yenu mngejua?

Mtasema wazazi walee. Mama alilea. Alilea mpaka akachaji. Mzazi hawezi kukagua kiwanda. Hiyo ni kazi ya serikali, na ninaitaka ifanyike: umri uwekwe, ladha za pipi ziondolewe, onyo lichorwe, na anayewauzia watoto afungiwe duka. Waliweza kwa waya wa chaja.

Mashindano yalipita. Juzi nilimwomba Kasuku ajaribu, taratibu tu, nyumbani.

"Neno halina miguu..."

Akashika kifua. Akanionyesha kwa mkono nimalizie mimi.

Sikumalizia. Pumzi ndiyo nauli, na ya mdogo wangu iliuzwa getini pa shule, na hakuna aliyevunja sheria.