Omena za Mama Mkwe Juu ya Paneli ya Sola

Mkiniona nimekaa pembeni kabisa kwenye sherehe za ukweni, mgongo ukutani na mikono magotini, msidhani ni adabu. Ni aibu, tena aibu yenye harufu, na kule Rangwe wanaijua wote, ndiyo maana mtu akipita na sinia ya omena, dagaa wetu wa ziwani, lazima kwanza aniangalie mimi, halafu acheke.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati huo nikiuza vipuri vya baiskeli mjini Migori (na mtu anayeuza vipuri vya baiskeli, sijui kwa nini, hujiona anajua kila kitu chenye nati). Nilikuwa nimemtorosha Akinyi. Ndiyo, nilimtorosha, akaja kuishi nami kabla wazee hawajakaa chini, na mama yake akanuna mpaka basi. Kwetu Wajaluo mama wa msichana hupelekewa kitu, naye akikipokea anasema "ayie", yaani nimekubali, na hapo ndipo unahesabiwa mkwe. Bila neno hilo mimi nilikuwa mwizi mwenye duka. Akinyi alikuwa akisikia tu kwamba kuna mtu ametoka Rangwe, anaingia chumbani kulia. Nilitaka lile neno kuliko kitu chochote duniani.

Wenzangu hupeleka pesa na mablanketi. Mimi nikasema hapana, mimi nitampelekea mama umeme. Nikanunua paneli ya sola, betri ya gari, taa mbili za tyubu, na kisanduku cha kubandika ukutani chenye vitaa viwili: cha kijani kikiwaka, betri inashiba jua, chekundu kikiwaka, umeme unaisha. Nilikipenda kile kisanduku, nikakikariri kabisa, mpaka Akinyi akaniuliza kama ndicho ninachokwenda kuoa.

Ijumaa nikatangulia Rangwe na Fundi Elisha, ili Jumamosi wazee wakija wakute kila kitu tayari. Njiani tukapata pancha, tukafika mchana umeshachoka. Fundi akavuta waya, akafunga taa, akabandika kisanduku sebuleni, ikabaki paneli tu kupanda juu ya bati. Mara nikamwona anashuka kwenye kiti, ananawa mikono, anafunga sanduku lake la vifaa.

"Fundi, si imebaki ile ya juu tu?"

"Jua limezama, ndugu yangu. Sabato imeingia. Nitarudi Jumapili asubuhi."

"Lakini wazee wangu wanakuja kesho!"

"Hata mimi kesho niko na wazee," akasema, "wa kanisa." Akaenda zake kulala kwa Msabato mwenzake.

Mtu mwenye akili hapo angesema taa zitawaka Jumapili, yamekwisha. Mimi nikasema hata mimi naweza. Shida ni kwamba mkwe hapandi juu ya nyumba ya mama mkwe, heri uchome soko lote la Rangwe, na shemeji zangu nao hawawezi kupanda juu ya nyumba ya mama yao. Basi nikailaza paneli chini, nyuma ya nyumba, juu ya mawe, ikitazama mbinguni, waya ukiingia kwa dirisha. Jua si ni lile lile? Nikawaambia shemeji zangu wawashe taa wajifurahishe (wakajifurahisha mpaka asubuhi, betri ikabaki na roho tu), nami nikaenda kulala sokoni, kwa sababu mkwe pia halali ukweni. Sikuwa na wasiwasi. Kesho jua lingejaza.

Jumamosi wazee wakafika, msemaji wetu akiwa baba mdogo Odera, mchimba dhahabu kule Masara, mtu wa sauti. Mimi nilikuwa na suti ya kijivu. Nikawa nimemnong'oneza kila mtu kwamba safari hii hatuondoki kabla ya giza, tunangoja taa ziwake ndipo mama apewe kitu chake. Baba mdogo akalibeba hilo jambo, akalitangaza sebuleni: "Leo mtaona mchana ndani ya nyumba!"

Nikatupa jicho ukutani. Kitaa chekundu.

Nikasema labda ni wingu. Nikachungulia nje: jua la kupasua kichwa. Nikaomba ruhusa kama mtu anayekwenda chooni, nikazunguka nyuma ya nyumba, na pale nikasimama. Paneli haikuonekana. Ilikuwa imefunikwa kote kwa omena, omena mbichi zinazometameta, zimepangwa vizuri, na mama mkwe amekaa kando kwenye kigoda, kijiti mkononi, anafukuza kuku. Kumbe dada yake alikuwa ameleta gunia kutoka Homa Bay, zilikuwa zimenyeshewa kule ziwani, na mama alikuwa na meza ya omena sokoni. Ameona mbao nyeusi, laini, ya moto, iko chini. Nani asingeanika?

Sasa nimwambieje? Mkwe hapigi domo na mama mkwe, hasa mkwe ambaye bado ni mwizi. Akinyi alikuwa jikoni na wanawake, mahali ambapo singeweza kuingia. Nikaangalia huku, nikaangalia kule, nikamgeukia kuku mmoja mwekundu.

"Wewe kuku," nikasema kwa sauti, "hii kitu inakula jua. Ikifunikwa, jioni hakuna taa."

Mama mkwe hakuinua uso. "Kuku," akasema, "mwambie huyo mtu wako mbao yake inakausha samaki vizuri sana. Alete ingine."

Nikangoja. Alipoinuka kwenda kuchukua karai, nikaona ndiyo nafasi yangu: nitainamisha paneli kidogo, omena ziteremke kwenye gunia, nisiziguse kabisa. Nikainua. Mguu ukaingia kwenye waya. Nikaanguka chali na paneli kifuani, omena zote zikanimwagikia kwenye suti, waya ukavutika, na sebuleni (hili niliambiwa baadaye, lakini kishindo nilikisikia) kisanduku kikang'oka ukutani kikaanguka kwenye trei ya soda, soda ikamrukia baba mkwe mapajani.

Wazee wakatoka mbio wote. Wakanikuta nimepiga magoti, napigana na kuku, omena kwenye nywele, omena mfukoni, na ngumi mbili zimejaa omena.

Baba mkwe, suruali ikichuruzika, akaziangalia ngumi zangu. Mnajua kwetu mkwe haonyeshi njaa ukweni, hata kama anazimia.

"Kijana," akasema polepole, "kama njaa imekushika, si ungesema tu?"

Baba mdogo Odera akafunika uso kwa kofia. "Umetumaliza," akasema, na ile sauti yake yote ilikuwa imekwisha.

Wakarudi ndani. Nikamwona mama mkwe amesimama na karai lake, anaangalia biashara yake ya wiki mavumbini. Taa nikazisahau. Nikavua koti, nikaanza kuokota, moja moja, napuliza vumbi, naweka kwenye karai. Akarudi kwenye kigoda chake na kijiti, akawafukuza kuku nami nikaokota, mpaka jua likaanza kuinama, magoti ya suti yamekuwa mekundu kwa udongo.

Jioni tukaingia. Nilikuwa nimekirudisha kisanduku ukutani. Nikabonyeza swichi. Taa ikapepesa mara mbili, ikaonyesha uso wa baba mdogo akisali, ikazima. Gizani ikabaki harufu yangu tu.

Mama mkwe akaingia na taa ya kandili, akaiweka mezani. Nikajua ananifukuza. Akaniangalia kuanzia viatu mpaka nywele, akatoa omena moja kwenye kola yangu, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mama alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika meza, na Akinyi mlangoni alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Huyu nilikuwa nimeapa nitamkataa," akawaambia wazee. "Lakini ameokota zote. Hata zile ndogo. Ayie."

Nililia jamani, mbele ya wakwe, na kamasi.

Fundi Elisha aliporudi Jumapili mama alimkatalia, paneli haipandi popote, inabaki pale pale chini. Mimi nikaapa sitamaliza tena kazi ya fundi, hata ikibaki nati moja. Baadaye nikanunua paneli nyingine, ya juu ya bati, nikamleta Fundi Elisha siku ya Jumatatu asubuhi na mapema. Mama akatoka, akaiangalia kwa makini, akaigonga kwa kidole, halafu akageuka akatafuta uani kwa macho mpaka akampata.

"Kuku," akasema, "hebu muulize. Hii ni ya kuanika sangara?"