Msalaba wa Mama Mkwe

Siku hizi uani kwa fundi wa vinyago, Ukonga, inasikika patasi tu. Zamani, angali ameajiriwa kiwandani, fundi alichonga Jumapili kwa raha zake huku akiimba, na hakuna kinyago kilichofanana na kingine. Kiwanda kilipofungwa akahamia kwenye twiga wa watalii, wote sura moja, kila mmoja kachongwa TANZANIA chini ya kwato. Wimbo ukaisha. Alipofiwa na mama yake, mkewe Adelina akamsikia akiimba tena, anachonga msalaba wa kaburi. Akatoka kumsikiliza. Chini ya jina la marehemu, mguuni mwa msalaba, palishachongwa TANZANIA.

“Baba Albano, mbona umeandika hivyo?”

Fundi akayapapasa maandishi kwa dole gumba. “Mkono umezoea,” alisema. “Hapo patafukiwa.”

Wimbo hakuumalizia.