Kisogo cha Mwenyekiti

Kinyozi hajinyoi. Kila mtu analijua hilo, na yeye alipaswa kulijua kuliko wote, maana ndiyo kazi yake tangu ujana. Lakini binadamu bwana, kichwa kikishavimba husahau kwamba kina nywele, na nywele hazijui cheo.

Mtaani walimwita Mwenyekiti. Wenye maduka madogo walimchagua awaongoze baada ya lile jumba kubwa la maduka kufunguliwa kwenye barabara kuu na kuanza kuwanyang'anya wateja. Yeye husema alichaguliwa kwa busara zake. Mke wake husema alichaguliwa kwa sababu kinyozini kwake ndiko kulikokuwa na benchi refu la kukalia watu. Vyovyote vile, cheo kilimkolea. Alibuni kaulimbiu, akamwita mchora mabango aiandike ukutani kwa rangi nyekundu: ANZA KWA JIRANI. Ukikaa kwenye kiti chake ulinyolewa na kuhubiriwa kwa pamoja, na ole wako kama ungeingia na mfuko wa kule jumbani. Ungepakwa spiriti hadi uombe msamaha.

Ng'ambo ya mtaa, mlango ukitazamana na mlango, alikuwepo kinyozi mwingine, ambaye ni shemeji yake, kaka wa mke wake. Miaka nenda rudi wawili hao walikuwa na desturi yao. Jumatatu asubuhi, kabla ya wateja, mmoja alimnyoa mwenzake, halafu wanabadilishana kiti. Hakuna malipo, na chai juu.

Kisha mdomo ukaponza kichwa, tena kichwa chenyewe hasa. Siku moja mteja alimuuliza nani fundi zaidi kati yao. Mtu mwenye akili angecheka tu. Mwenyekiti akasema shemeji ana mkono mzito, ananyoa kama anafyeka majani. Alijua ni uongo hata kabla hajafunga kinywa, lakini ulisikika vizuri, na benchi zima likacheka. Neno likavuka mtaa kabla ya mchana. Shemeji hakuja kugomba. Jumatatu ilipofika hakuvuka, na iliyofuata hakuvuka, na wateja wake nao wakaanza kupungua.

Nywele za Mwenyekiti zikaota. Mkutano mkubwa wa wenye maduka ulikuwa Jumapili, na yeye ndiye mzungumzaji. Akajifungia, akashika kioo mbele na kingine nyuma, akawasha mashine. Nyani haoni kundule, na kinyozi haoni kisogo chake. Alijichimba kipara cha ukubwa wa kifuniko cha sufuria ya chai, pale pale nyuma ambapo wajumbe wote wangekiona akigeuka kuonyesha bango la kaulimbiu yake.

Mke wake alikitazama kipara, akaweka chini mboga alizokuwa anachambua, akacheka mpaka akakaa. Halafu akamwambia avuke mtaa, amwombe kaka yake radhi, anyolewe, yaishe. Mwenyekiti akajibu kwamba afadhali azikwe na kofia. Mtu mzima mwenye wajukuu!

Kwa hiyo Jumamosi, jua likiwaka, mlezi wa biashara za jirani alivaa kofia ya sufu hadi masikioni, akapita uchochoro wa nyuma, akaingia jumbani, moja kwa moja hadi kwenye saluni ya kule.

Ndani kulikuwa na baridi, muziki wa taratibu, na binti wa mapokezi aliyemkaribisha kwa heshima ambayo yeye hajawahi kumpa mteja. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba alipapenda. Binti akamuuliza jina. Mwenyekiti akashikwa na hofu, na jina la kwanza lililomjia likawa la marehemu baba mkwe wake. Binti akaliita kwa sauti, hadi vyumba vya nyuma.

Alikaa, akafungwa shuka, akafumba macho ili asione dhambi yake kiooni. Kofia ikavuliwa. Kisha vidole vikashika utosi na kuinamisha kichwa taratibu. Mkono ule aliujua. Alipofumbua macho alimwona shemeji yake kiooni, amevaa sare nyeusi na kofia ya kazi, nywele ndefu zimemtokeza shingoni.

"Marehemu baba hakuwa na kipara kisogoni," shemeji akasema kwa sauti ya chini.

Mwenyekiti akamuuliza anafanya nini huku. Ni kweli, ndiye aliyeuliza. Waliosimuliwa kisa hiki hawaamini, lakini ndivyo alivyo.

"Natafuta kazi, shemeji. Kule mtaani watu wameambiwa nina mkono mzito."

Akakifanyia kipara kile kazi ya uvumilivu, akipunguza hapa na pale, mpaka kikayeyuka ndani ya mtindo usijue kiliwahi kuwepo. Mwenyekiti alikuwa akiona aibu, na haikuwa ya kukamatwa. Ilikuwa ya kuushika uongo wake kwa mkono na kuona uzito wake: mlango mmoja wa mtaa ulikuwa unafungwa, na wala si jumba lililoufunga.

Meneja akaja. Akaeleza kwamba kinyozi huyu alikuwa kwenye majaribio na huyu ndiye mteja wa mwisho, hivyo angependa kujua kazi ilikuwaje. Shemeji akageuka, akawa anakung'uta shuka.

Hapo shetani alimjia Mwenyekiti kwa lugha ya maendeleo. Akisifu, shemeji anaajiriwa na mtaa unampoteza. Akiponda, shemeji anarudi nyumbani. Uongo kidogo tu, kwa faida ya jamii! Alikuwa ameshafungua kinywa. Lakini akaona kile kisogo chenye nywele ndefu, kisogo cha mtu ambaye hakuwa na wa kumnyoa isipokuwa yeye, akashindwa.

"Ananishinda mimi," akasema. "Siku zote amenishinda."

Meneja hakujua huyo mimi ni nani. Akamwambia shemeji aanze kazi Jumatatu. Mwenyekiti akaenda kaunta, akalilipa jumba ili anyolewe na shemeji yake, na chai hakupewa. Mlangoni shemeji alimfuata.

"Hayo maneno ungeyasema kule mtaani, nisingefika huku."

Jumapili watu walijaa kwenye karakana ya seremala, na shemeji alisimama nyuma karibu na mlango. Mwenyekiti alisimama mbele na hotuba yake iliyosema jirani ni nguzo. Akaiweka mfukoni. Akavua kofia, akazunguka polepole wote wamtazame, akawaeleza nywele zile zimenyolewa wapi na nani, na kwa nini. Hakujisaza: kipara, uchochoro, jina la marehemu, vyote. Seremala alicheka hadi akaiegemea meza yake ya kazi. Mwisho akasema anayetaka maneno aje kwake, anayetaka kunyolewa avuke mtaa. Alipoinua macho, shemeji alikuwa ameshaondoka.

Jumatatu Mwenyekiti alifungua mapema, akakaa kwenye kiti chake. Ng'ambo, mlango ulikuwa umefungwa. Watu wakaanza kufika, wengine wateja wake kabisa, wakampungia mkono na kwenda kusimama mbele ya mlango ule. Alihuzunika na akafurahi, hakujua kipi zaidi. Akachukua chupa ya chai, akavuka, akasimama mwisho wa foleni.

Shemeji alitokea kwenye kona akiwa na sare mkononi, yuko njiani kwenda jumbani. Akaona watu. Akaitazama sare. Kisha akatoa ufunguo, akafungua, akaitundika sare msumarini. Akampitia kila mtu kwa macho hadi akamfikia wa mwisho.

"Wewe si umenyolewa juzi?"

"Nimeleta chai."

Shemeji akaipokea chupa. Kisha, mbele ya foleni nzima, akakaa yeye kwenye kiti, akavua kofia na kuinamisha kichwa.

"Basi ninyoe. Na usiongee."

Mwenyekiti akamnyoa mpaka mwisho, na hakusema neno.