Mwenyekiti wa Wapishi wa Matanga

Kikundi chetu cha akina mama hapa Oyugis kina kazi moja: mwenzetu akifiwa, tunakwenda kuwapikia waombolezaji wake. Nilichaguliwa mwenyekiti baada ya kumshinda mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, aliyekiongoza kikundi kwa miaka mingi. Nilishona gauni jipya, nikanunua na rejista. Nilijiona nimefika.

Kwenye matanga nilikaa ndani ya tenti, safu ya mbele, karibu na chifu na wachungaji. Wenzangu walisonga ugali kwenye sufuria ambazo mtoto anaweza kuogea ndani, macho mekundu kwa moshi. Mimi nilipita jikoni mara moja tu, nikaandika nani hajafika, nikarudi kuletewa sahani yangu yenye paja la kuku. Muuza omena alikuwa akipasua kuni bila kuniangalia. Nilidhani ananinunia. Kumbe alikuwa na kazi tu.

Kisha mama yangu akafariki.

Asubuhi ya mazishi nilisimama langoni nikiangalia barabara. Naona haya kuandika hili, lakini hofu yangu siku hiyo haikuwa kaburi, ilikuwa jikoni. Wenzangu wa kikundi wasipokuja, wageni watarudi na njaa, na mama atazikwa kama mtu asiye na watu. Nao wana sababu ya kutokuja, maana hakuna hata mmoja wao niliyewahi kumchemshia chai msibani kwake. Niliwapigia simu. Hakuna aliyepokea.

Saa moja walitokea kwenye kona, wote, sufuria kichwani na miiko mikononi, muuza omena mbele na shoka lake. Simu wangezipokea kwa mkono upi? Nami, badala ya kuwashukuru, nikaanza kutoa maagizo: kuni huku, maji kule. Tabia haina dawa. Muuza omena akanishika bega.

"Nyathina, wacha hii maneno ya jikoni. Leo wewe lia mama yako. Sisi tuko."

Aliniita mtoto wake, mimi niliyemnyang'anya kiti.

"Lakini mama, mimi sijawahi kuwapikia nyinyi."

"Najua," akasema, akainama kuwasha moto.

Nililia kwa sauti mpaka majirani wakaja kunishika. Walidhani namlilia mama, na nusu yake ilikuwa kweli.